Siku Tatu Nagasaki

Majuma mawili ukurasa huu ulikuwa mtupu, na wengine wenu mmeuliza ofisini kama karani ameugua. Hakuugua. Alikwenda Japani na mkewe, kwa shemeji yake asomaye Fukuoka. Shemeji ndiye aliyetoa tiketi za ndege. Fedha za matumizi tulizitoa katika akiba ya mabati ya nyumba yetu, na jambo hilo lilinikaa kifuani njia nzima. Kila tulipokula nilihesabu kimoyomoyo: hapa limekwenda bati moja, hapa mawili.

Fukuoka tulipanda gari la moshi (basi tu jina, maana moshi halina). Kituo cha Takeo-Onsen unashuka, unavuka jukwaa, na la pili linakungoja pale pale. Hilo hupita njia mpya ya mwendo wa kasi iliyofunguliwa Septemba 2022. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi tukafika Nagasaki, mji uliobanwa kati ya bahari na vilima, nyumba zimeparamia juu kama mbuzi. Mjini mna magari madogo ya umeme yapitayo juu ya reli. Huingia kwa mlango wa nyuma, ukalipa mbele kwa dereva wakati wa kushuka, na nauli ni moja, uende karibu au mbali. Mama watoto akauliza, "Na asiyelipa?" Tulimtazamia siku tatu, hatukumwona.

Chakula cha mji huo ni chanpon. Yasemekana alikianzisha Mchina mmoja mwenye hoteli, Chen Pingshun, mwaka 1899, apate kuwashibisha wanafunzi wa kwao kwa bei nafuu. Ni bakuli kubwa la tambi nene, nyama ya nguruwe, ngisi, kamba na kabichi, katika mchuzi wa mifupa ya kuku na nguruwe. Mke wangu ni mpishi wa shule, hali kitu bila kukipeleleza. Akasimama kuchungulia jikoni, akarudi akiniambia kwamba mboga hukaangwa kwanza, kisha hutiwa mchuzi, na tambi huiva humo humo, sufuria ile ile. "Kuni kidogo, baba watoto." Watu wa huko hunywa tambi kwa sauti, wala si aibu. Mimi nilishindwa; mwenzangu aliweza mara moja.

Tulikula pia kasutera, keki ya mayai na sukari isiyotiwa siagi, chini yake kuna chenga za sukari. Waliifundisha Wareno, ambao merikebu zao zilianza kutia nanga pale mwaka 1571, miaka 22 kabla hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Wajapani husema tabako, nasi twasema tumbako.

Siku ya pili tulipanda mlima kwenda kanisa la Oura. Dini ilipigwa marufuku nchi nzima mwaka 1614, na watu wa kijiji cha Urakami wakaishika kwa siri zaidi ya miaka 200 bila padre. Tarehe 17 Machi 1865 kikundi chao kiliingia kanisani humo, na mwanamke mmoja akamnong'oneza Padre Petitjean ya kuwa mioyo yao ni sawa na wake. Yaliyowapata baadaye yalikuwa mazito, maana zaidi ya 3,000 walihamishwa kwa nguvu, na marufuku haikuondolewa mpaka 1873. Lakini lililonigusa mimi ni dogo. Katika siri ile walikuwa na mtu wao wa kubatiza, na mwingine wa kutunza kalenda, ajue Noeli ni lini na mfungo ni lini. Karani! Nilisimama pale hata mke wangu akanivuta mkono.

Siku ya tatu yeye ndiye aliyesimama. Bomu la tarehe 9 Agosti 1945 lilikusudiwa mji wa Kokura; hewa ya huko haikuwa wazi, ndege ikageukia Nagasaki, na saa tano na dakika mbili asubuhi likapasuka juu ya Urakami. Hadi mwisho wa mwaka ule waliokufa wakadiriwa kuwa 74,000. Katika jumba la ukumbusho mna saa ya ukutani iliyosimama dakika ile. Mna pia kopo la chakula la msichana wa miaka 14. Wali ungali ndani, umekuwa makaa.

Mama watoto huwafungia wanetu chakula kila asubuhi. Alilitazama kopo lile, asiseme neno, akatoka nje. Nilimkuta na simu sikioni. Huko ilikuwa saa saba mchana, nyumbani saa moja asubuhi, watoto wako mlangoni.

"Mama, amechukua chakula?"

"Amechukua viazi," bibi yao akajibu.

"Viko vingapi?"

Bibi akaenda kuhesabu. Simu ya kutoka ng'ambo hula fedha, nami sikusema kitu. Vilikuwa vitatu.

Jioni tulinunua kasutera mbili za kuleta nyumbani. Moja wameila wazee wa baraza Jumapili iliyopita. Ya pili msiniulize, ulizeni watoto.