Msiitupe Malindi juu ya anga yetu

Wasee, simu zenu zinajua mko wapi kwa sababu ya setilaiti. Sawa. Na setilaiti zenyewe zinafuatiliwa na nani? Vituo vya ardhini, kama kile cha Malindi. Sasa kuna programu za kuchuja vituo: data ikikatika-katika, kituo kinaachwa. Poa, data chafu ni hasara. Lakini huku ikweta anga ya juu huvuruga mawimbi, hasa jua likishazama. Mashine ni nzima kabisa, alama ziko chini! Ulaya wakiacha kimoja, kingine kiko hapo karibu tu. Afrika ni vichache, vimetawanyika. Ukitoa Malindi, makosa ya anga yetu utayapima na nini? Na anayeumia ni surveya wa Kilifi, bana. Programu ihesabu pia pengo linaloachwa.