Zamu ya Maji na Vita vya Karata

Mwezi uliopita nilipanda kwa dada yangu, katika kijiji kimoja cha milimani juu ya Makanya, wilayani Same. Nilifika asubuhi, nikamkuta amesimama kando ya shamba lake la mahindi akiutazama mfereji mkavu. Zamu yake ya maji ilikuwa alfajiri ile. Kijana wake wa miaka kumi na tisa, aliyepewa kazi ya kuyaelekeza maji shambani, alikuwa amelala fofofo. Maji yalikuwa yamekwisha kwenda kwa wengine, na zamu ya pili ilikuwa baada ya juma zima.

Wasiopajua Upare hawana budi kuelezwa. Chini, tambarare za Same ni kavu. Milima ndiyo inayopata mvua. Kwa hiyo wazee wa Kipare walichimba mifereji na kujenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito usiku kucha. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na kila mkulima hupata maji kwa zamu yake. Mfereji ukiziba au ndiva ikijaa tope, watu huitana katika msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na mshahara. Asiyefika bila sababu hutakiwa kujieleza mbele ya wenzake.

Kijana alipoamka alinisalimu kwa haya. “Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Ulikuwa wapi usiku, hata maji ya mama yako yakapotea?”

“Nilikuwa vitani, mjomba.”

Nilidhani ananidhihaki, kumbe sivyo. Alikuwa akicheza karata katika simu. Kwa heshima ya mama yake sikumkaripia papo hapo. Nilimwomba anieleze mchezo wake. Sisi wa zamani tulizijua karata za kopa, uru, shupaza na pau. Tulikaa wawili dhidi ya wawili, na mwenye turufu alitamba. Hizi za leo ni tofauti. Kila mchezaji hukusanya karata zake mwenyewe, kisha huingia katika kikosi cha watu wengi, ambao huenda wako nchi za mbali asizopata kuziona. Vikosi viwili hupambana kwa saa zilizopangwa, na alama za wote hujumlishwa.

“Nguvu ya mchezaji hupungua kila anaposhambulia,” alinieleza, “na hujaa tena polepole. Mwenye busara huitunza tangu mchana. Kiongozi hupanga nani amshambulie nani. Mwenye karata hafifu hapewi kazi ya jabali, lakini naye ana kazi yake. Tunashindwa si kwa sababu ya wanyonge, mjomba. Tunashindwa kwa sababu ya wasiofika.”

“Na asiyefika hufanywaje?”

“Akikosa mara mbili bila taarifa, huondolewa.”

Hapo ndipo nilipomwambia, “Mwanangu, nguvu inayojaa usiku ikatumika asubuhi kwa mpango, sisi tunaiita ndiva. Na kikosi kisichomvumilia asiyefika, sisi tunakiita msaragambo. Mambo hayo unayajua vizuri kuliko nilivyofikiri. Ila vita vyako vilianza saa nane za usiku, na zamu ya mama yako ilikuwa alfajiri. Umewatunzia zamu wageni, ukaipoteza ya aliyekuzaa. Wao wangekuondoa kikosini. Mama yako hawezi kukuondoa, na ndiyo maana ulimkosa yeye.”

Alikaa kimya muda mrefu.

Sipendi kuuhukumu mchezo wenyewe. Somo lake ni la kweli, na Wapare walilijua kabla ya simu. Mwaka 1945 maelfu yao walishuka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga kodi ya mbiru. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya habari hizo. Nguvu yao ilikuwa katika kufika wakiwa wengi.

Lakini wazazi wajue pia upande wa pili. Katika michezo mingi ya namna hii karata bora huuzwa ndani ya pakiti zisizojulikana zina nini, na kijana hununua akitumaini bahati, hasa anapoona aibu kuwa mzigo kwa kikosi. Japani, mwaka 2012, ilipiga marufuku aina moja ya mauzo hayo, ile ya kumtaka mchezaji akamilishe seti ya karata za bahati ili apate zawadi kubwa. Ubelgiji, mwaka 2018, ilitamka kuwa kuuza bahati kwa fedha ndani ya michezo ya namna hiyo ni kamari. Msaragambo hautozi mtu fedha ili ahesabiwe kuwa mwenzetu.

Wewe mzazi wa mjini, ambaye huna mfereji, usianze kwa kuinyang'anya simu. Kwanza muulize mwanao: vita vyenu ni saa ngapi? Umelipa nini? Na nyumbani, zamu yako ni ipi? Huenda utagundua, kama nilivyogundua mimi, kwamba huko kikosini amepangiwa kazi na saa yake, ilhali nyumbani tumemwachia lawama tu.

Jioni ile kijana aliwaandikia wenzake kwamba usiku wa kuamkia zamu ya maji hatakuwapo. Walimkubalia mara moja, kwa kuwa ametoa taarifa mapema. Kisha akaenda mwenyewe kwa jirani kuomba radhi. Jirani, mzee mwenye huruma, aliahidi kumwachia dada yangu sehemu ya zamu yake ya kesho, kwa sharti moja: kijana awe wa kwanza kufika siku ya kuzoa tope la ndiva.

Asubuhi ya pili niliamshwa na mlio wa jembe. Nilipochungulia nje, maji yalikuwa yakiingia shambani.