Nani Afunguliwe Njia Kwanza?

Wapo wanaoamini kwamba kuondoa theluji barabarani ni kazi ya mitambo tu, isiyo na siasa ndani yake. Napinga. Mji mdogo wa Karlskoga, nchini Uswidi, ulipoipitia upya mipango yake kwa jicho la usawa wa kijinsia, uligundua kwamba hata ratiba ya theluji ilikuwa na upendeleo. Mitambo ilianza na barabara kuu za wenye magari waendao kazini, wengi wao wanaume. Njia za miguu na za baiskeli zilisubiri, nazo ndizo wanawake wengi walizopita wakiwapeleka watoto chekechea, wakiwahi basi, wakienda kumjulia hali mzazi mzee. Aliyepanga ratiba hiyo, nadhani, hakuwa na chuki na mtu. Alipanga kama mtu aliyezoea kuketi nyuma ya usukani.

Mji ukageuza mpangilio. Theluji yote ilikuwa ya kuondolewa hata hivyo. Kilichobadilika ni nani atangulie. Wala hoja haikuwa huruma. Gari hupenya kwenye theluji ya sentimita kumi kwa urahisi kuliko mama anayesukuma kigari cha mtoto. (Asiyeamini na asukume mkokoteni wa maji mchangani, kisha tuzungumze.) Tena, nchini humo waenda kwa miguu ndio wanaoumia zaidi kwa utelezi wa baridi kuliko wenye magari, na mifupa iliyovunjika hutibiwa kwa kodi ya wote, mwenye gari akiwemo.

Stockholm nao ukatangaza kufuata njia hiyo. Novemba 2016 ikaanguka theluji ambayo mwezi huo haukuwa umeiona kwa zaidi ya miaka 100. Mabasi yakasimama, na wakosoaji wakashangilia: tazameni matunda ya usawa! Kejeli rahisi mno. Njia nyingi za miguu, zile zilizodaiwa kupendelewa, nazo zilibaki zimefukiwa. Sera ambayo haikutekelezwa inawezaje kuhukumiwa kwa matokeo yake? Siku ile uwezo wa mji ulizidiwa, na lawama ikatupiwa kanuni.

Wanafunzi wangu huniambia kwamba mambo haya waachiwe wataalamu. Sawa, lakini mtaalamu na aandike hadharani: njia ipi inatangulia, inapitiwa na nani, na kwa sababu gani. Ratiba ya zamani ilidumu miaka mingi bila kuulizwa maswali hayo matatu.