Ajali Hii Ina Kinga



Wapenzi wasomaji, tumezoea katika ukurasa huu kuzungumza juu ya ndoa, malezi, mirathi na ujirani. Juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya kuvuka reli. Huenda wako watakaosema kuwa hilo ni jambo la madereva na askari wa barabarani, si la mashekhe. Nasi tulikuwa tukidhani hivyo, mpaka siku tuliyonusurika, na kosa likawa ni letu.

Tuliletewa habari ya msiba wa mzee mmoja tuliyesoma naye chuoni utotoni. Mji wake ulikuwa upande wa bara, ukishapita Mazeras, na maziko yalikuwa baada ya Adhuhuri. Tulishuka matatu kwenye barabara kuu tukakodi tuktuk, sisi na wazee wenzetu wawili. Kijana aliyekuwa akiendesha alikuwa mtu wa adabu, na njia yote alituitikia kwa heshima. Tulipofika mahali njia ya vumbi inapokata reli ya zamani, alipunguza mwendo akasimama. Hapakuwa na lango wala mlinzi, ila bango lililoshika kutu, na majani marefu yameziba upande wa kulia.

Akasema, "Maalim, nipe dakika moja nizime mtambo nisikilize."

Sisi tukatazama saa. Tukamjibu, "Mwanangu, jeneza litatolewa tukiwa njiani. Treni haipiti hapa saa hizi. Twende."

Kijana akaona haya kumkatalia mtu mzima, tena mtu wa kanzu na kilemba. Akaingia relini. Gurudumu la mbele likazama katika kokoto, mtambo ukazimika, na papo hapo tukasikia honi. Tuliruka nje, na badala ya kukimbia tukaanza kusukuma. Mwenyezi Mungu akajaalia tuktuk ikatoka, na sisi nayo, na muda si muda treni ya mizigo ikapita nyuma yetu, ardhi ikitetemeka chini ya viatu. Hatukusema neno mpaka behewa la mwisho likapita.

Tulipofika msibani tulikuta kaburi halijaisha kuchimbwa.

Kisa kikasimuliwa mkekani, na wazee wakaitikia kama ilivyo ada: ajali haina kinga, na siku yetu ilikuwa haijafika. Nasi tulitikisa kichwa pamoja nao. Lakini jioni, tulipokuwa tukimlipa yule kijana nauli yake, alisema neno moja tu, kwa upole: "Maalim, mimi nilitaka kusimama."

Neno hilo halijatutoka hadi leo, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kudra ya Mwenyezi Mungu twaiamini, na hapana mwenye shaka nayo miongoni mwetu. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya jambo lililomfika mtu baada ya kutimiza wajibu wake, na jambo alilolifuata kwa miguu yake. Dini imetukataza kujitupa wenyewe kwenye maangamizi, na imetufunza kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mola. Katika ajali zote za njiani, ya kivuko cha reli ndiyo yenye kinga iliyo wazi kuliko zote. Gari laweza kukufuata ukutani ulipokaa. Treni haiachi reli yake kukufuata wewe; wewe ndiwe uliyeiendea.

Yafaa tufahamu kwa nini treni haiwezi kutuhurumia. Gurudumu lake ni chuma, na njia yake ni chuma. Ndiyo maana mtambo mmoja waweza kuvuta uzito mkubwa, na ndiyo maana vilevile breki zake hazishiki upesi kama za gari lenye mipira juu ya lami. Treni ndefu ya mizigo yenye kwenda kilomita 80 kwa saa huweza kuhitaji kilomita nzima na zaidi kabla ya kusimama. Dereva wake hana usukani wa kukwepea. Akikuona kwenye reli, ana mambo mawili tu mkononi: kupiga honi na kushika breki. Baada ya hapo naye huwa mtazamaji, na maskini ya Mungu hubaki na picha hiyo maishani mwake.

Tena jicho letu hutudanganya. Kitu kikubwa kinachotujia moja kwa moja huonekana kama kinakwenda polepole, hata kikiwa mbioni. Treni yenye mwendo wa kilomita 72 kwa saa hukata mita 20 kila sekunde. Ukiiona umbali wa mita 400 ukajiambia bado iko mbali, una sekunde 20 tu. Hesabu ndani yake muda wa kuweka gia, muda wa tuktuk kupanda tuta la kokoto, na muda wa mtambo kuzimika kama wetu ulivyozimika.

Sisi watu wa Pwani tuna mtego mwingine wa ziada. Reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017 imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya matuta na madaraja, na barabara nyingi zikapitishwa chini yake. Lakini reli ya zamani, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ililala juu ya ardhi, katika zama ambazo gari halikuwa limeonekana huku kwetu. Njia na mitaa imekuja baadaye ikaikata. Siku hizi treni zake ni chache, na uchache huo ndio mtego wenyewe. Mtu huvuka mara mia asione kitu, moyo wake ukatulia, akaigeuza reli kuwa kibaraza cha kuzungumzia, au mahali pa kuanika nguo na kufunga mbuzi. Mara ya mia na moja ndiyo treni ipitayo. Sisi tuliposema "haipiti saa hizi", tulisema kwa mazoea, si kwa ujuzi. Maana treni ya mizigo haina saa ambayo mpita njia aijua.

Kwa hiyo, yatupasa tuyashike haya, na tuyasome na watoto wetu.

La kwanza ni kusimama. Si kupunguza mwendo tu, bali kusimama, hatua kadhaa kabla ya reli, kwa kuwa behewa hutokeza nje ya chuma upande huu na upande huu. Ukisimama, teremsha kioo, zima redio, toa vidude vya masikioni, na ukiwa na pikipiki vua kofia yako ikiwa yakuziba masikio. Tazama kulia, tazama kushoto, kisha tazama tena kulia.

La pili, usiingie relini mpaka uone nafasi ya kutokea upande wa pili. Penye foleni, gari la mbele likisimama nawe ukalifuata mgongoni, utajikuta umeketi juu ya chuma huna pa kwenda. Ukishaingia usibadilishe gia, wala usisimame kupakia abiria.

La tatu, treni ikishapita, ngoja. Penye njia mbili za reli, treni moja huificha nyingine, na sauti ya ile inayokwenda huifunika sauti ya ile inayokuja.

La nne ni la wenye mikokoteni, baiskeli na viti vya magurudumu. Baina ya chuma na barabara mna mwanya unaomeza gurudumu jembamba. Vuka ukiwa umenyooka, usikate mshazari, na mkokoteni wenye mzigo mzito utafutie mtu wa pili wa kukusaidia kabla hujaingia, si baada ya kukwama.

La tano ndilo tulilolikosea sisi. Gari likikwama relini, watu watoke kwanza, wote, na waache kila kitu ndani. Msisukume ilhali treni yaonekana au honi yasikika. Kimbieni mbali na reli, kwa mshazari wa kuelekea upande treni inakotokea. Jambo hili huonekana kinyume na akili, lakini sababu yake ni nyepesi: treni ikiligonga gari, vipande hurushwa mbele, kule treni inakokwenda. Aliyekimbilia huko ndiye hufuatwa na chuma. Tuktuk hununuliwa nyingine; baba wa watoto hanunuliwi.

Mtu atauliza, je, penye lango na mlinzi hatuwezi kumwachia mlinzi kazi yake? Hapo twakumbuka habari ya Misri, nchi ambayo vijana wetu wengi wa Pwani huiendea kwa ajili ya elimu. Tarehe 17 Novemba 2012, karibu na mji wa Manfalut katika jimbo la Asyut, treni iligonga basi la shule kwenye kivuko cha reli. Wakafariki watoto wapatao 50, wadogo wadogo, wakiwa njiani kwenda kusoma. Iliripotiwa kwamba lango la kivuko lilikuwa wazi. Waziri wa uchukuzi alijiuzulu siku ile ile, lakini kujiuzulu kwake hakukumrudishia mama yeyote mwanawe. Sisi wenye kusomesha watoto hatuwezi kuipita habari hiyo haraka. Lango wazi si hati ya amani. Mlinzi ni mwanadamu, hulala na husahau. Mwenye kuvuka hutazama kwa jicho lake mwenyewe.

Wala tusidhani kuwa ni mambo ya mbali. Asubuhi ya tarehe 30 Oktoba 2013, Nairobi, basi la abiria liligongwa na treni katika eneo la Umoja, wakafariki zaidi ya watu 10. Walikuwa watu waliotoka majumbani mwao kwenda kutafuta riziki.

Katika hayo yote lipo jambo moja ambalo mabango ya barabarani hayaliandiki. Dereva hayuko peke yake garini. Nyuma yake ameketi mwalimu, mama mwenye nyumba, mzee wa mtaa, tajiri mwenye gari. Hao ndio wanaomwambia twende, tumechelewa. Naye kwa adabu tuliyomlea nayo sisi wenyewe, huona haya kukataa. Basi adabu hiyo tusiigeuze kuwa kamba ya kumvutia kwenye hatari. Dereva akisimama relini, anyamaziwe, na ikiwezekana ashukuriwe. Asiposimama, abiria mmoja na apaze sauti, na wengine wamuunge mkono. Na kijana ajue kwamba kumkatalia mkubwa katika jambo la kuua si utovu wa adabu.

Sisi tulirudi kumtafuta yule kijana kituoni kwake juma lililofuata. Tulimkuta ameketi na wenzake. Tulimwomba radhi mbele yao, kwa kuwa kosa tulilifanya mbele ya watu, na tukawaambia wote kuwa siku atakapopanda mtu wa kanzu akawahimiza kuvuka, wamwambie ashuke atembee. Walicheka, naye akacheka, akasema, "Nimesamehe, Maalim. Lakini safari ijayo nitasimama hata ukikasirika."

Katika chuo chetu tumeweka utaratibu mdogo. Watoto wanaovuka reli baada ya Alasiri huenda kwa kundi pamoja na mwanafunzi mkubwa, naye hasemi "vukeni" mpaka wote wamesimama na kunyamaza kimya, wakasikiliza. Twawaomba wazazi walio karibu na reli wafanye hivyo katika mitaa yao, na vijana wakate majani yanayoziba macho kivukoni. Kuondoa udhia njiani ni katika imani, na hapana udhia mkubwa kuliko ule unaomficha mtu mauti yanayomjia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awahifadhi wasafiri wetu, na atujaalie subira ya dakika mbili.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.