Uongo wa Karai la Nanyuki

Huko Nanyuki, penye kibao kinachoonyesha mstari wa Ikweta, wapo watu wajipatiao riziki kwa karai lenye tundu. Mmoja wao hulijaza maji, akaweka juu yake kijiti cha kibiriti, akaenda hatua chache kaskazini; maji hutoka yakizunguka upande mmoja. Akivuka kwenda kusini, huzunguka kinyume. Juu ya mstari wenyewe hushuka wima. Mtalii hustaajabu, akatoa fedha, akapewa cheti.

Sina ugomvi na mwenye karai. Kiinimacho ni kazi kama kazi nyingine. Ugomvi wangu ni na mwalimu akirudiaye kiinimacho hicho darasani na kukiita fizikia.

Nguvu inayosingiziwa ipo kweli. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliieleza kwa hesabu mwaka 1835, nayo ndiyo izipayo tufani kubwa upande wa kuzunguka: kaskazini kinyume cha akrabu za saa, kusini sawa nazo. Lakini hutokana na dunia ijizungushayo mara moja tu kwa siku, na kwa maji ya karai ni dhaifu mno. Tena kadiri uikaribiavyo Ikweta ndivyo ififiavyo, hata tufani zenyewe hazizaliwi hapo. Basi hatua 20 zitaongeza nini?

Mwaka 1962, Ascher Shapiro aliitafuta nguvu hiyo huko Massachusetts, Marekani, kwenye nyuzi 42 kaskazini. Alijaza tangi lenye upana wa mita 1.8 hivi, akaliacha litulie saa 24, ndipo akazibua tundu dogo la katikati. Zilipita zaidi ya dakika 10 kabla mzunguko haujaonekana. Watafiti wa Sydney walipolirudia jaribio hilo, wakatoa habari zake mwaka 1965, maji yalizunguka upande wa pili. Je, mwenye karai hungoja saa 24? Hungoja hata dakika tano?

Utasema, "Lakini nimeona kwa macho yangu!" Naam, umeona maji yakizunguka; sababu hukuiona. Maji yakimiminwa ubavuni, au mchukuzi akigeuka nayo, huanza kuzunguka polepole, na yakikaribia tundu mwendo huo huzidi kasi. Mwalimu wako akikusimulia habari za Nanyuki, mwombe kwa adabu alete beseni darasani. Yakorogeni maji kwa kidole kuelekea kulia, myazibue. Kisha kushoto, myazibue tena. Yatawatii mara zote mbili, hapo hapo mlipo.