Resori za kamio na roho za watu



Kila shofere wa Kivu ayajua makorongo ya njia zetu, na mteremko wa Ngomo kati ya Bukavu na Kamanyola. Aijua pia desturi ya garaji nyingi: kamio ikiinama nyuma kwa uzito wa magunia, hupelekwa kwa fundi, naye huongeza mabamba mawili matatu katika resori. Kamio husimama tena, mwenye mali hufurahi, na safari ya pili magunia huongezwa. Leo tutazame kazi hiyo ni nini, lini yafaa, na lini ni mtego.

Resori ya nyuma ni mabamba ya chuma yaliyopindwa kama upinde na kupangwa moja chini ya lingine. Bamba la juu ndilo mama: ni refu kuliko mengine, na ncha zake zimekunjwa kuwa matundu mawili. Tundu moja hushikwa na pini isiyosogea; la pili hushikwa na kiungo kinachocheza, kwa maana resori ikibonyezwa hunyoka na kuwa ndefu. Bulo moja huyafunga mabamba yote katikati, na kichwa chake huingia katika kikalio cha ekseli, ili ekseli isisogee mbele wala nyuma. Kisha vibano vyenye umbo la herufi U hukaza yote pamoja.

Ninyi wanafunzi, chukueni rula mbili za mbao zilizo sawa, mzibonyeze penye ukingo wa meza. Mbili pamoja zina ugumu mara mbili ya moja. Lakini unene ni habari nyingine: ugumu wa bamba hukua kwa hesabu ya unene mara unene mara unene. Fanyeni hesabu: 8 × 8 × 8 ni 512, 10 × 10 × 10 ni 1000. Basi bamba la milimita 10 ni gumu karibu mara mbili kuliko la milimita 8 lenye upana na urefu ule ule. Fundi aokotaye bamba lolote kati ya vyuma vikuukuu pasipo kulipima, hajui ameongeza nini.

Je, kuongeza bamba ni vibaya? La, ikiwa kazi ni njema. Bamba jipya liwe na upana wa wenzake, liwe fupi kuliko lililo juu yake, na limepindwa zaidi kidogo, ili ncha zake zishike vizuri yakikazwa. Upande wa kuume na wa kushoto ufanywe sawasawa. Vibano viwe vipya na virefu vya kutosha. Vikazwe kwa zamu, kisha vikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Kibano kikilegea, bulo ya katikati hukatika, ekseli hukaa upande, na kamio hutembea kama kaa. Kipande cha mti kisitiwe kamwe kati ya resori na ekseli: mti husinyaa na kupasuka, na vibano hulegea.

Bamba lililopasuka lisichomelewe. Chuma cha resori kilitiwa ugumu kiwandani kwa kupashwa moto mkali, kuzamishwa katika mafuta, na kupashwa tena kwa moto mdogo. Moto wa kuchomelea huharibu kazi hiyo yote: mahali pamoja chuma huwa chepesi kuvunjika kama kioo, na jirani yake huwa laini. Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa resori hauzibwi. Bamba lake hutupwa.

Sasa tufike penye jambo kubwa. Resori ikiongezwa nguvu, vitu vingine havikuongezwa. Freni ni zile zile. Shasi, ekseli, rulema na mipira ni vile vile. Katika mteremko, resori haisimamishi kamio. Freni ndizo huisimamisha. Tena kamio nyingine zina kifaa kinachopima jinsi sehemu ya nyuma ilivyoshuka, ndipo hugawa nguvu ya freni. Resori ikiwa ngumu mno, kifaa hicho hudhani kamio ni tupu, na hupunguza freni za nyuma wakati zinapohitajiwa zaidi. Na kamio iliyoinuliwa juu hupinduka upesi katika kona, hasa ikibeba watu juu ya magunia.

Hata katika matope resori ngumu haisaidii. Gurudumu lapaswa kushuka na kupanda likifuata ardhi. Resori isipokubali kunyumbuka, gurudumu moja huning'inia na kuzunguka bure, na kamio hukwama. Kwa hiyo njia bora ni resori ya msaada: mabamba machache yanayowekwa juu ya resori yenyewe, yasiyofanya kazi mpaka mzigo umeibonyeza kamio. Hapo kamio tupu hubaki laini, na yenye mzigo huegemezwa. Lakini hata hiyo haibadili uzito ulioandikwa na kiwanda. Uzito huo ndio mpaka.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Fundi anayemheshimu Yosefu aheshimu pia kazi ya mikono yake. Mwenye mali akisema, «Ongeza mabamba matano, nataka kupakia mara mbili,» fundi ajibu kwa adabu kwamba haiwezekani, hata fedha ikimpotea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: mwenye mali hausikii uzito wake, kwa maana yeye yuko nyumbani. Mama aliyeketi juu ya magunia na mtoto mgongoni hakuulizwa, wala hajui kilicho chini yake. Fundi ajua. Amri ya tano ya Mungu yamhusu fundi penye nyundo yake, kama imhusuvyo shofere penye usukani.

Basi, ndugu, kabla ya kupanda, tusitazame tu kama kamio imesimama vizuri. Tuulize imebeba nini, na freni zake zikoje. Jibu likiwa baya, tungoje kamio nyingine.