Bunduki nafuu ya shabaha ni ile ya klabu

MTURUKI Yusuf Dikeç aliposimama kwenye Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na fulana, miwani ya kawaida na mkono mmoja mfukoni, kisha akaondoka na medali ya fedha, picha yake ilizunguka kwenye simu za vijana wa Nairobi kutwa kucha. Mzee wa miaka 51, hana mbwembwe, analenga tu. Wengi walicheka, wakatengeneza vibonzo. Lakini wako waliojiuliza kimyakimya: mimi je, siwezi?

Dikeç alitumia bastola ya hewa, umbali wa mita 10. Swali tunaloulizwa na vijana linaenda mbali zaidi: ni bunduki gani ya bei nafuu inayofaa kulenga shabaha ya mbali? Si swali baya. Kuna anayelipata kwenye filamu, kuna anayelipata akicheza PUBG kwenye simu ndani ya matatu ya Kangemi. Jibu letu litawaudhi wengine: kwa sasa, usinunue yoyote.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi huteleza. Nchini Kenya, kumiliki bunduki si haki ya kikatiba. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti, na anayekitoa ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Lazima uwe na sababu nzuri ya kuitaka silaha hiyo, rekodi yako polisi iwe safi, na akili yako iwe timamu. Cheti chenyewe hutaja ni silaha gani na risasi kiasi gani, kwa hivyo si kama simu ambayo ukiichoka unabadilishana na rafiki. Mwishoni mwa 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani aliamuru wamiliki wote wa bunduki wakaguliwe upya. Hata matajiri walipanga foleni.

Sababu ya uwindaji nayo ilikufa zamani. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na bunduki za kijeshi zinazojijaza zenyewe si za raia hata kidogo. Kwa mpenda shabaha, inayobaki ni bunduki ya bolti, ile ambayo baada ya kila risasi unavuta bolti kwa mkono wako mwenyewe. Hiyo haikupunguzii kitu. Katika mchezo huu haraka haina baraka.

Sasa tuzungumze pesa. Muuzaji atakutajia bei ya bunduki. Hatakutajia kwamba darubini nzuri ya kulengea inaweza kukugharimu kama bunduki yenyewe, wakati mwingine zaidi. Juu yake weka sefu ya chuma, vikinga masikio, ada ya uwanja, na nauli ya kufika huko. Halafu kuna risasi, ambazo hazina mwisho. Bunduki unainunua mara moja, risasi unanunua kila wikendi. Ukinunua bunduki ya bei ya chini halafu ukashindwa kununua risasi za mazoezi, umenunua pambo la ukutani, tena pambo ambalo sheria haikuruhusu kulitundika ukutani.

Na umbali wenyewe tuuelewe. Jumba la KICC pale katikati ya jiji lina urefu wa takriban mita 105. Lilaze chini, hizo ndizo mita mia za kwanza. Shabaha ya mbali huanza panapohitajika majumba matatu ya aina hiyo, na wanaoshindana mita 1,000 wanahitaji karibu kumi. Bunduki inayosifiwa kuwa sahihi ni ile ambayo kwa mita 100 huweka risasi zake ndani ya duara la sentimita 3 hivi, karibu na upana wa sarafu ya shilingi 20. Peleka duara hilo mita 600 nalo linakuwa kama sahani ndogo ya chai. Bunduki nyingi za kisasa za bei ya kati zinaweza kazi hiyo. Mpigaji ndiye asiyeweza.

Asichoweza ni kusoma upepo. Kwenye mita 600, upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kupeperusha kanga kwenye kamba, husukuma risasi ya .308 kando kwa zaidi ya nusu mita. Hakuna mtutu wa bei ghali unaokuondolea tatizo hilo. Hapa kwetu kuna jambo jingine. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na risasi huanguka kidogo kuliko ingeanguka Mombasa. Majedwali yaliyoandikwa kwa hewa ya pwani yatakudanganya. Lazima ujifunze hapa hapa, kwa kupiga mara nyingi.

Ndiyo maana kama siku moja utafika hatua ya kununua, anza na .22. Ni risasi ndogo, haina teke la kukutisha, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya .308 au 6.5 Creedmoor. Wapo wanaoidharau wakisema ni ya watoto. Waulize hivi: kwa nini mashindano ya bunduki ya mita 50 kwenye Olimpiki hutumia hiyohiyo? Kwa kuwa ni nyepesi na ya polepole, upepo uleule wa kanga huihamisha kama sentimita 10 kwa mita 100 tu. Yaani uwanja mfupi unakupa somo la uwanja mrefu kwa pesa kidogo. Kijana aliyepiga risasi elfu tatu za .22 atamshinda tajiri aliyepiga hamsini za .308.

Lakini hata hiyo .22, kwa kijana wengi wanaotusoma, isiwe yake. Iwe ya klabu. Hapa hatuzungumzii pesa tu.

Panda matatu nambari 46 kutoka mjini, upite Valley Road na Yaya mpaka Kawangware. Lavington iko hapo jirani, mwendo wa kutembea. Kijana wa Lavington akionekana na begi refu mgongoni, watu watadhani ni gitaa au vijiti vya gofu. Wa Kawangware akibeba begi lilelile saa moja jioni, hakuna anayejua kama atapewa nafasi ya kufungua mdomo. Sisi tunaoishi mitaa hii tunajua tunachosema. Cheti kikiwa mfukoni hakisomeki gizani. Tena bunduki kwenye nyumba ya chumba kimoja, mlango wa mabati, ni mwaliko kwa mwizi, na ikiibwa wewe ndiwe utakayejibu.

Bunduki ya klabu hufungiwa klabuni. Unakuja na mikono mitupu na unaondoka na mikono mitupu. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilichukuliwa, mwanachama wa klabu iliyoidhinishwa anaweza kufanya mazoezi kwa bunduki ya klabu bila kuwa na cheti chake binafsi. Wamekuwa wakali sana kuhusu silaha, na bado hawakuuua mchezo.

Kwetu, uwanja unaojulikana zaidi kwa raia ni wa Kirigiti, Kiambu, unaohusishwa na chama cha wamiliki wa bunduki. Ni mahali pazuri pa kwenda kutazama na kuuliza. Ila mashindano yaliyoupa jina ni ya bastola, umbali mfupi, na wengi wanaoshiriki tayari wana silaha zao. Mlango wa kijana asiye na kitu bado ni mwembamba.

Haukuwa hivi siku zote kwa taifa. Timu ya kwanza kabisa ya Kenya kwenye Olimpiki, Melbourne 1956, ilikuwa na walenga shabaha. Enzi hizo mchezo ulikuwa wa walowezi. Miaka zaidi ya sitini baada ya uhuru, haifai ubaki wa wenye magari na wenye sare.

Tunachodai si bunduki kwa kila kijana. La hasha. Tunadai Wizara ya Michezo, Bodi ya leseni na kaunti wakae meza moja waanzishe kumbi chache za bunduki ya hewa za mita 10, chini ya makocha na ulinzi. Mita 10 zinaenea kwenye ukumbi wa kijamii. Mhindi Abhinav Bindra alishinda dhahabu ya Beijing 2008 kwa umbali huo. Michezo ya Jumuiya ya Madola imeiacha shabaha, Birmingham 2022 na Glasgow 2026, lakini Los Angeles 2028 bado ipo.

Nawe kijana, ukiambiwa mtaani kuna kitu cha bei ya kutupa kisicho na karatasi, ondoka hapo. Hicho ni kifungo au kaburi. Hata bunduki ya hewa, iulizie kwa Bodi kabla ya kutoa hata shilingi. Pesa ulizonazo zitumie kwa nauli ya kwenda uwanjani. Nenda ukatazame, uulize, ujifunze kutulia na kupumua. Bunduki haikimbii.